Mkono Wenye Pete

Foleni ya mbolea ya ruzuku siku ile ilianzia mlangoni kwa wakala, ikapita mbele ya duka la viatu, ikakunja kona, na wa mwisho hakuweza hata kuona anachokipangia foleni. Desemba, Songea, mvua imeshapiga mara mbili na kila mwenye ekari yake anataka awe amepanda jana. Katikati ya jasho hilo alisimama Fausta na blauzi ya kijani iliyopigwa pasi, wigi la kufika mabegani, na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, kwenye foleni ya mbolea. Shamba lilikuwa la mama yake. Yeye alitumwa tu, na alitaka watu wote wajue kwamba ametumwa.

"Dada, wewe uko foleni ya mbolea au ya harusi?" akauliza mwanamume wa nyuma yake.

Fausta akageuka akiwa na tusi tayari mdomoni. Akakuta mtu mrefu, shati la mikono iliyokunjwa, buti za mpira, na meno yaliyopangana vizuri. Tusi likachelewa.

"Na wewe ni mkulima au unauza buti?"

"Mwalimu wa jiografia. Mkulima ni Jumamosi na likizo. Naitwa Hironimus."

"Jina lote hilo, umelisajili peke yako?"

"Kwako nitalipunguza. Niite Hiro."

Walisimama saa tatu nzima. Mpaka wanafika dirishani, walikuwa wameshasengenya nusu ya foleni, na Hironimus alimbebea mfuko wake hadi kwenye bodaboda bila kuombwa. Namba ya simu Fausta aliitoa kabla ya kuulizwa mara ya pili. Wengine arobaini na saba alishawahi kuwanyima, lakini hayo tuyaache.

Sasa lazima niseme huyu Fausta alikuwa nani, maana bila hivyo mtamwonea huruma, na sitaki. Alikuwa na miaka thelathini na mbili na alifanya kazi kwenye steshenari moja ya Mfaranyaki, kupiga picha za paspoti na kutoa kopi. Kwa kuwa kutwa nzima alikuwa akikata nyuso za watu kwa mashine, alijiaminisha kwamba hakuna uso usiosomeka kwake. Akaunda kundi la wasap, akaliita Kamati. Wajumbe walikuwa watatu: yeye mwenyewe, Oliva msusi, na Stumai, mama wa Kiyao kutoka Namasakata aliyekuwa akiuza mchele sokoni. Kazi ya Kamati ilikuwa kuchambua wanaume wa kwenye mtandao wa kutafuta wachumba.

Wanaume hao siwatetei. Nimezisoma profaili zao mpaka nimechoka kwa niaba ya wilaya nzima. Kuna anayeegemea gari na kuziba namba kwa goti. Kuna yule mwenye picha tano, shati moja, ukuta mmoja, na anaandika "napenda kusafiri". Mwingine anaanza na "mcha Mungu" halafu mstari wa chini anataka warembo weupe tu, wasio na watoto, wenye kazi. Yeye kazi yake ni "mjasiriamali", basi. Siku ya pili anakuita mke wangu, siku ya tatu simu yake imeanguka kwenye maji.

Oliva nusura aangukie kwa mhandisi wa migodi. Fausta ndiye aliyeikuza picha na kuonyesha kwamba kofia ya mgodini ilikuwa bado na kikaratasi cha bei. Siku ile alistahili pongezi, nakubali. Shida ni kwamba pongezi zilimlewesha. Wanawake wakaanza kuja na simu zao hata kutoka Namtumbo, na yeye akawa anakaa nyuma ya meza ya kopi, miwani puani, akitoa hukumu. Na profaili yake mwenyewe, ukitaka kujua, ilisema ana miaka ishirini na sita. Ilikuwa imesema hivyo tangu alipokuwa na ishirini na tisa, na ngozi aliyokuwa nayo pale hata mtoto mchanga hana.

Lakini Hiro hakutoka mtandaoni, alitoka kwenye foleni, na Fausta akajivunia hilo kila siku. Na walipendana kweli, nisiwanyime. Kila saa saba mchana, kengele ya chakula ikilia shuleni, simu ya steshenari inaita.

"Mkaguzi wangu, umekula?"

"Bado, mpenzi. Wewe?"

"Ugali na mbasa. Nimekukumbuka."

"Samaki ndiye amekukumbusha mimi?"

"Miiba yake."

"Hiro, nitakata simu."

"Kata. Nitakuja mwenyewe na buti zangu, nikuchafulie hiyo sakafu."

Naye anakuja kweli, jioni, na mahindi mabichi kwenye mfuko wa rambo, na Fausta analalamika kuhusu matope huku anafuta kiti ili akae. Alikuwa Mmatengo wa Mbinga, mtu wa maneno machache yenye kuchokoza, na alipomtazama Fausta hakumtazama wigi.

Kuhusu ndugu zake alishamwambia, tena mara mbili. Mara ya pili walikuwa wanakula chipsi karibu na soko, naye akasema, "Dada yangu Walburga ni mtawa. Mwaka juzi aliweka nadhiri za daima, tulicheza mpaka suti yangu ikachanika." Fausta akaitikia "mmh". Alikuwa ameinamia simu, anakuza picha ya mwanamume wa watu. "Hebu ona huyu, mpenzi. Kakata picha. Hapa pembeni kulikuwa na mtu." Hironimus akaona, akacheka, akamalizia chipsi zake.

Mwezi wa tano akamwambia: Jumamosi wazee watakuja na barua ya uchumba. Mama yake Fausta alilia alipoambiwa. Alikuwa amesubiri siku hiyo miaka kumi, kaka zake Fausta wote wakiwa wameshaoa, majirani wakiwa wameshaacha hata kuuliza.

Jumatano yake Stumai akaingia steshenari, akavuta kiti.

"Fausta mdogo wangu, kaa kwanza. Wallahi sikuwa nikimtafuta yeye. Nilikuwa napita tu mle mtandaoni."

Akampa simu. Hironimus, umri thelathini na sita, mwalimu, Songea, hajaoa. Picha moja tu. Alikuwa amevaa suti ya bluu yenye ua kifuani, amesimama mbele ya keki, na kisu cha keki amekishika pamoja na mkono wa mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa amekatwa, umebaki mkono tu. Mkono wa mwanamke, nguo nyeupe mpaka kwenye kifundo, na kidoleni pete.

Oliva akaitwa, akaja na kitana kichwani.

"Ua, keki, nyeupe, pete," akasema. "Hapa kuna ndoa imefungwa, jamani, na walioalikwa walikula wali."

"Muulize mwenyewe," akasema Stumai. "Labda lipo la kueleza."

"Kumuuliza ni kumpa nafasi ya kutunga," akajibu Fausta. Sauti ilikuwa ile ile ya hakimu.

Fikiria. Wanawake wawili kati ya hao watatu walibatizwa wakiwa wachanga, Songea hii hii yenye masista kila kona. Hakuna parokia hapa ambayo haijawahi kushangilia binti yake akivishwa pete ya nadhiri, na keki ikakatwa, na shangazi wakacheza mpaka viatu vikapotea. Waliitazama picha ile nusu saa nzima. Hakuna hata mmoja aliyewaza zaidi ya bwana harusi na bibi harusi, kwa sababu walishazoea kutafuta uchafu, na anayetafuta uchafu hana muda na kitu kingine.

Jioni Fausta alipiga simu kwa ujanja wake wa Kamati.

"Hiro, kuna kitu hujaniambia?"

Hironimus akacheka. "Nani amekuvujishia? Kipo, kipenzi. Utakiona Jumamosi kwa macho yako."

Alimaanisha kwamba dada yake alikuwa amepewa ruhusa na mama mkuu wake kuja na wazee, jambo lisilo rahisi kupatikana. Alitaka kumfurahisha. Fausta akakata simu na kumwandikia Oliva: "Hata haoni aibu."

Na bado hakuwazuia wageni. Angeweza kumnong'oneza mama yake, mambo yakafa kimya kimya. Hapana. Alitaka kumuumbua mtu hadharani, kama anavyofanya kwenye kundi.

Jumamosi, saa nne asubuhi, wakaja. Mbele alikuwa Mzee Bartolomeo, mshenga, amevaa koti zito la baridi ya Mbinga ingawa jua lilikuwa limeshawaka. Nyuma yake shangazi wawili, na mtawa mmoja mnene wa uso wa kuchekacheka, vazi jeupe, shela ya kijivu. Barua ilikuwa kwenye sahani, imefunikwa kitambaa chenye maua. Baba mkubwa Polycarp aliipokea, akaiweka mezani bila kuifungua, maana barua haifunguliwi mpaka binti aulizwe.

Fausta akaitwa. Akatoka chumbani na kitenge cha rangi ya machungwa kilichoshonwa vizuri, akapiga magoti, akaamkia, "Shikamooni." Wakaitikia wote. Alipomwona mtawa alisema moyoni, wamemleta na sista ili watuzibe macho.

"Binti yangu," akasema Baba mkubwa, "wageni hawa wamekuja na barua. Wanasema unawafahamu. Unawafahamu?"

Mama yake alikuwa mlangoni na leso tayari mkononi.

"Siwafahamu," akasema Fausta.

Shangazi mmoja wa Mbinga akadhani hajasikia vizuri. Fausta akawasaidia wote.

"Na huyo aliyewatuma ana mke. Ushahidi ninao."

Akatoa simu kwenye kitenge, akampa Baba mkubwa, naye akampa Mzee Bartolomeo, naye akaitazama mbali na karibu, kisha akampa mtawa. Sista Walburga akaitazama muda mfupi tu. Akakunja mkono wa nguo yake kidogo, akaiweka simu mezani kando ya sahani ya barua, na mkono wake kando ya simu. Pete ile ile, kidole kile kile.

"Mke wanayemsema ni mimi," akamwambia Mzee Bartolomeo. "Siku yangu ya nadhiri. Hironimus aliniuliza kama anikate, nikamwambia nikate, mtawa hatafutiwi mchumba."

Hakuna aliyecheka. Mama yake Fausta akageuka, akarudi jikoni ambako kuku walikuwa wameshaiva.

Mzee Bartolomeo alisimama taratibu, akaichukua barua yake na sahani yake na kitambaa chake. "Tumeulizwa, na binti amejibu mbele ya watu," akasema. "Kwetu jibu la hapo halirudiwi." Wakaenda. Sista Walburga ndiye wa mwisho kutoka, na alimgusa Fausta begani, jambo lililokuwa baya kuliko kutukanwa.

Kesho yake, baada ya misa, Fausta alimpigia Hironimus, na simu ikapokewa mara ya nne.

"Hiro, nisamehe."

"Nimeshakusamehe."

"Ile profaili bado ilikuwepo. Mtu yeyote angeshtuka."

"Walimu wenzangu ndio walionifungulia mwaka jana, wakicheka. Walioniandikia ni wawili, mmoja akaomba vocha. Nikasahau. Yako umeifuta?"

Fausta akahamishia simu sikio la pili.

"Niliiona kabla hata sijakuona kwenye foleni," Hironimus akaendelea, na sauti yake haikupanda. "Miaka ishirini na sita. Nilijua umedanganya, nikasema huyu dada anaogopa, nitamzoea. Sikumwonyesha mtu yeyote."

"Mpenzi, nitakuja kwenu. Nitapiga magoti kwa mzee, kwa sista, kwa wote."

"Sista hana kinyongo. Mimi ndiye ninacho. Wewe hukukosea picha, Fausta. Ulikuwa na siku tatu za kuniuliza swali moja, ukaona ni bora kuninyoa mbele ya wazee wangu. Nikikuoa, kila nikichelewa kurudi nitakuta kikao kinanisubiri. Siwezi."

"Hiro, nakupenda."

"Najua. Na mimi pia. Haya, Mungu akubariki," akasema, na akakata.

Fausta alikaa kwenye kiti cha steshenari iliyofungwa, akalia mpaka kope za bandia zikamtoka. Hapo nilianza kumwonea huruma kidogo, nikasita, maana simu ilikuwa ikilia lia mkononi mwake, na yaliyokuwemo yalikuwa haya: Kamati, isiyojua bado ya ule mkono, ilikuwa inasherehekea. Oliva alikuwa ameshawaambia wateja wake watatu kwamba yule mwalimu wa jiografia ni mume wa mtu, na kwamba Fausta amemkomesha kiume. Stumai ameandika alhamdulillahi. Jina la mtu lilikuwa linazunguka Mfaranyaki nzima, na lilihitaji meseji moja tu ya kulisafisha.

Kwa heshima yake niseme aliandika. Ilimchukua muda, alifuta mara nyingi, lakini aliandika yote: kwamba mkono ni wa dada yake mtawa, kwamba pete ni ya nadhiri, kwamba hajawahi kuoa, kwamba ni yeye Fausta aliyemtukana bure mbele ya wazee, kwamba Hironimus amekataa kurudi na ana haki. Akaomba wawaambie watu wote waliowaambia. Akatuma.

Stumai akaandika pole, mdogo wangu, Mwenyezi Mungu akupe subira. Kisha juu ya kioo ikatokea kwamba Oliva anaandika, akaacha, akaanza tena, na Fausta akaishika simu kwa mikono miwili akisubiri rafiki yake amfariji.

"Kwa hiyo yuko singo kweli," Oliva akaandika. "Nirushie namba."