Darubini Mpya na Ng'ombe wa Gloriose

Ng'ombe alikuwa amelala ubavu kwenye majani mafupi, nyuma ya mashamba ya mwisho ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Tundu la risasi lilikuwa shingoni. Mtu alikuwa amemfunika kichwa kwa kitenge safi.

"Kitenge cha nani?" aliuliza Inspekta Tusekile.

"Changu," alijibu mama mmoja mfupi mwenye macho mekundu. "Na ngombe ni yangu. Mi naitwa Gloriose."

Inspekta alizaliwa Karonga, karibu na mpaka wa Tanzania, na Kiswahili hakikumpa taabu. Kila jambo lilipotokea kambini, kituo cha polisi cha Dowa kilimtuma yeye.

"Maziwa yake ulikuwa unamuuzia nani?"

"Mi siuzishake. Mama akizaa na ziwa likakauka, anakuja na kikombe. Batoto wengi hapa wamekunywa kwa huyu ngombe."

"Ulisikia nini?"

"Bunduki, mara mbili. Kisha motoka ikakimbia."

Konstebo alisogea karibu. "Madam, tumeshampata. Ni fundi cherehani mmoja, Apollinaire. Maganda mawili ya risasi yalikuwa kwenye kopo lake la sindano."

"Na bunduki?"

"Bado hatujaiona."

"Basi hamjampata."

Hata hivyo, Apollinaire alikuwa mahabusu. Inspekta alimkuta ameketi sakafuni, mikono juu ya magoti. Pembeni yake palikuwa na bakuli la maharage na nsima, ugali wa huko, bado lina moto.

"Nani amekuletea chakula?"

"Gloriose."

"Mwenye ng'ombe?"

"Njo yeye. Alisema, 'Papa Apollinaire, kula kwanza. Hata kama ni we uliiua, kula.'" Mzee huyo wa Fizi, Kongo, alijaribu kucheka, akashindwa.

"Maganda uliyatoa wapi?"

"Nilikuwa nalima pale karibu. Motoka ilipoondoka, nikaenda kuangalia. Nikaona vitu vinang'aa. Shaba nzuri. Unatia sindano ndani, unaziba na kitambaa, hazipate kutu."

"Kwa nini hukumwambia konstebo?"

"Mama Inspekta, mi natoka mahali ambapo ukisema umeokota risasi, hawakuulize swali la pili."

Nje ya mlango mkewe, Antoinette, alikuwa anangoja. Alimshika Inspekta mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Dosiye yetu ya kuhamia Kanada imekubaliwa," alisema. "Binti yetu iko kule, hajatuona tangu akiwa mdogo. Wakiandika kesi ya bunduki, safari imekufa. Tusaidie, mama."

Inspekta hakuahidi kitu. Alirudi shambani.

Alizipata alama za magurudumu kwa urahisi. Gari lilikuwa limesimama juu ya kilima kidogo, pua ikitazama mkaratusi ulio peke yake. Kwenye shina la mti huo palikuwa na karatasi iliyochorwa duara, imebanwa kwa misumari. Karatasi ilikuwa nzima. Haikuwa na tundu hata moja.

"Huyu alikuwa anajaribu kulenga shabaha," alisema konstebo, sauti yake imepungua.

"Na ng'ombe alikuwa kule, mbali kabisa kushoto. Hakuna anayelenga mti akakosa kiasi hicho."

Chini, karibu na alama za magurudumu, Inspekta aliokota kifuniko kidogo cha mpira mweusi, cha kufunika kioo. Kilikuwa na kibandiko cha duka la Lilongwe, jirani na soko la Tsoka.

Daktari wa mifugo ndiye aliyeitoa risasi. Aliiosha, akaiweka kwenye kitambaa.

"Tazama. Imebonyea ubavuni, si mbele. Iligusa kitu kigumu kabla ya kumfikia mnyama. Na hiki cheupe kilichoganda hapa si mfupa."

"Ni nini?"

"Rangi. Ningesema rangi ya gari."

Duka lile la Lilongwe liliuza tochi, mahema na vifaa vya uwindaji. Nyuma ya kaunta alikaa Émile, kijana wa Bukavu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alikigeuza kile kifuniko mkononi.

"Ni cha darubini ya bunduki, Madam. Tumeuza moja tu ya aina hii. Na mwenyewe ameirudisha leo, amekasirika kweli! Anasema imepinda, inapiga pembeni."

"Imepinda?"

"Haina kosa lolote. Nimeikagua mara mbili."

"Ifunge kwenye bunduki. Nataka kuona."

Émile aliifunga juu ya bunduki ya upepo, akailaza kwenye kaunta. Inspekta akainama, akatia jicho. Ng'ambo ya barabara aliona ndevu za muuza vitunguu, moja moja, kana kwamba angeweza kuzivuta. Njia ilikuwa wazi kabisa. Halafu akainua kichwa. Mdomo wa bunduki ulikuwa unaelekea katikati ya boksi la tochi lililokuwa mbele yake kwenye kaunta.

Jicho lilipita juu ya boksi. Risasi ingepita ndani yake.

"Mnunuzi ni nani?"

"Bwana Mkwichi, wa mtaa wa Area 18. Mwindaji mzee, na mtu mwema. Hata leo na hasira zake aliniuliza kama nimekula."

Gari jeupe lilikuwa uani kwa Bwana Mkwichi, boneti imefunikwa mkeka. Inspekta aliuinua mkeka mwenyewe. Mifereji miwili myembamba ilikuwa imechimbwa kwenye bati, yote ikipinda kushoto.

Bwana Mkwichi alitoka barazani, mrefu, mvi tupu. Walizungumza Kichewa.

"Nani amelikwaruza gari lako, bambo?"

"Tawi la mti."

"Uliegemeza bunduki hapa?"

"Bunduki yangu ina leseni."

"Sijauliza leseni. Uliona nini kwenye darubini?"

Mzee aliurudisha mkeka juu ya boneti.

"Kuna fundi cherehani amefungwa Dowa," alisema Inspekta taratibu. "Aliokota maganda yako aweke sindano. Kesi hii ikimwangukia, hatamwona binti yake tena."

Mzee alirudi barazani, akaketi kitini.

"Sikujua kuna mtu amekamatwa. Naapa. Nilidhani ni ng'ombe tu, na kwamba siku moja nitarudi kimya kimya na ng'ombe mwingine."

"Kwa nini ulikimbia?"

"Kwa sababu niliona kitu kikianguka, lakini sikujua kama ni ng'ombe au mtu mpaka nilipoweka jicho kwenye darubini." Aliifuta midomo yake. "Macho yangu yamekwisha, mama. Tangu ujana wangu wakulima wananiita kila nguruwe pori wanapoingia mahindini. Wananiita kwa jina. Kama wangejua sioni, leseni ingekwenda, na nani angenibishia hodi tena? Nikanunua darubini. Nikaenda mbali, pasipo mtu anayenifahamu, nisionekane nikikosa karatasi."

"Hukuiona boneti?"

"Niliona mti tu. Nikasema darubini imepinda." Akasimama. "Twende Dowa. Sasa hivi."

Alasiri hiyo Apollinaire alitoka. Antoinette alimngoja mlangoni. Alimfunga vifungo vya shati, vyote, kama mtoto anayepelekwa kanisani.

Mzee Mkwichi aliandikisha maelezo yake, akaikabidhi bunduki na leseni. Kisha akaomba kumwona mwenye ng'ombe. Gloriose alikuwa pale pale kituoni, amekuja kuchukua bakuli lake.

"Nisamehe," alisema mzee, na Inspekta akatafsiri. "Nitakuletea mtamba, atakayekamuliwa akizaa. Wakati tunangoja azae, maziwa ya watoto nitayanunua mimi."

Gloriose aliliweka bakuli kwapani.

"Na ile karatasi, uliipiga hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Apollinaire ndiye aliyecheka kwanza. Kisha Gloriose, mkono mdomoni, mpaka mzee mwenyewe akacheka.

Walipotoka nje, Bwana Mkwichi alisita mlangoni, mguu wake ukitafuta ngazi asiyoiona. Gloriose alirudi, akamshika kiwiko.

"Teremka polepole, papa," alisema. "Iko ingine tena."