Nywele Chini ya Kibodi

Haya yalimkuta kaka yangu Bienvenu, jirani yangu hapa kambini Nakivale, na mpaka leo sili maharagwe nyumbani kwake.

Mkewe Yvette alitaka kitu kimoja tu: kumwona mama yake, aliyekuwa mgonjwa huko Uvira, kabla hajafa. Simu ya Yvette ni ya vibonyezo, haionyeshi picha. Basi kaka akaenda Mbarara, akapata laptop kuukuu kule Nyamitanga, nzito kama tofali. Haikushika mtandao wa siku hizi, lakini Bienvenu ni fundi. Akaja na kadi mpya ya waifai ya kuipachika ndani.

Ilikuwa mchana, maharagwe yakichemka kwenye mbabula ya makaa pale uani. Nilikuwa nimekaa karibu.

"Yaya," nilimtania kaka, "hii ni jiwe ya kusagia mihogo."

Akacheka, akafungua skrubu, akanyanyua kibodi. Harufu ikanipiga, ya nyama iliyolala.

Mahali pa kadi ya zamani palijaa nywele. Nyeupe, zimesukwa kwa uzi wa bluu, na mbichi. Alipozivuta zilibanduka na kitu laini, chekundu. Nikatema mate. Bienvenu akazitupa kwenye makaa, chini ya sufuria, kama takataka nyingine.

Yvette alitoka ndani upesi.

"Unachoma nini?"

"Nywele tu ya muntu."

Akanong'ona kwamba nywele za mtu huzikwa, hazichomwi: "Kwetu habachomake. Banazikaka."

Mafuta yalichuruzika kwenye makaa. Kaka akapachika kadi mpya, akaunga nyaya zake. Mtandao ukashika papo hapo. Yvette akampigia kwa video dada yake, aliye na mama huko Uvira.

Uso wa mama ukatokea. Kichwani hana kitambaa. Upande mmoja, misuko myeupe, uzi wa bluu. Upande wa pili, ngozi tupu. Inatoka malengelenge. Yanapasuka, tunaona.

"Mutoto wangu," alisema polepole, "kichwa inaniwaka. Muzime moto."

Bienvenu akamwaga maji kwenye makaa. Picha ikakatika.

Jioni simu ya vibonyezo ikalia. Mama amefariki.

Yvette amekataa mashine itupwe. Kila akiifungua, nywele nyeupe zimeota kuizunguka ile kadi mpya. Anazikata, anazizika nyuma ya nyumba kama inavyotakiwa, akilia. Juzi aliniomba nimshikie mashine wakati anakata.

Zilikuwa zimeshasukwa. Na pale zilipoota palikuwa na joto.