Mguu wa Apondi

Mkoba wa Apondi ulipasuka Jumamosi mchana katikati ya Jules Street, Johannesburg, pale robot, taa ya barabarani, inapowaka kijani na kila mtu anakimbilia mambo yake. Nyatiti yake, kinubi cha Kijaluo chenye nyuzi nane, ikachomoka ikielekea lami. Mwanamume mmoja aliyekuwa na tepu ya kupimia shingoni aliruka akaidaka, kisha akabaki amesimama nayo watu wakimpita kulia na kushoto, akiitazama bila haraka ya kuirudisha.

"Dada, hii inalia namna gani?" aliuliza.

"Rudisha kwanza, ndio nikuambie."

Mwanamume alikuwa amevaa shati la rangi ya ndimu lililopigwa pasi likanyooka kweli kweli, na Apondi, aliyezoeleka kwa suti nadhifu katika benki anayofanyia kazi, siku hiyo alikuwa na jinzi iliyochakaa magotini. Aliona haya, akajikasirikia kwa kuona haya. Mwanamume akajitambulisha kuwa ni Joël, fundi nguo kutoka Lubumbashi mwenye karakana ndogo Doornfontein, na akaahidi kumshonea mkoba usiopasuka. Alipokuwa akiipima nyatiti kwa tepu, alimweleza kwamba jioni, cherehani zikishanyamaza, hufungua kompyuta na kutunga muziki wa kucheza. Hauzi; ni raha yake tu. Apondi akasema na yeye hupiga kwa raha yake tu, na mlango ukiwa umefungwa.

Mlango huo ulikuwa na sababu. Baba yake, Mzee Owuor, mwalimu mstaafu wa Siaya, alimkuta utotoni akigusagusa nyatiti ya jirani, akamwambia kiti cha mpigaji si cha mwanamke. Hakupiga kelele, wala hakurudia. Apondi alikuja kujifunza ukubwani, huku Johannesburg, na katika ukoo mzima aliyejua ni kaka yake Eugene peke yake.

Jumapili baada ya ibada akawa anapitia Doornfontein, anapiga katikati ya marobota ya vitambaa, Joël akimrekodi. Mapenzi hayakuchukua muda kuingia. Simu zikawa haziishi.

"Umekula, chérie?"

"Nimekula. Na uache kunipigia nikiwa mkutanoni."

"Sasa juu ya nini umepokea?"

Apondi akakata simu akitabasamu.

Eugene alipopanga kumuoa mchumba wake Nkatha, Joël alipewa kazi mbili: kushona suti ya bwana harusi na kupiga muziki ukumbini. Akatunga wimbo kutokana na nyatiti ya Apondi, na jioni moja akamwita aje ausikie. Nyuzi zilitoka tamu, ngoma zikaingia nzito za kutikisa kifua. Joël alikuwa anamtazama usoni akingoja sifa.

"Mguu wangu uko wapi?" Apondi aliuliza.

Mpiga nyatiti huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, na kwa pete hiyo hugonga mti wa chombo wakati mikono inapiga nyuzi. Kuupatanisha mguu na mikono ndiko kulikomtoa Apondi jasho kuliko yote.

"Ile kelele ya chuma? Niliitoa," Joël alisema kwa furaha. "Nimesafisha kabisa."

Apondi alielewa vingine. Aliona kwamba bila mguu ule mtu angedhani ni gitaa, na mwanamke aliyekaa kwenye kile kiti angekuwa amefichwa asionekane. Alimwambia Joël kwamba baba yake angemshukuru sana kwa kumwondoa kwenye kiti kile, akachukua nyatiti yake akaondoka. Joël alipiga simu, Apondi hakupokea. Alijiona ana haki, na wakati huohuo alimkumbuka yule mtu kila simu ilipolia.

Siku ya harusi, katika ukumbi wa Malvern, Apondi alishuka kwenye teksi na gauni la kijani lililomkaa mwilini sawasawa. Baba yake, aliyefika kutoka Siaya, alikuwa ameketi mstari wa mbele na fimbo yake. Joël akamsubiri mlango wa nyuma.

"Apondi, mi ni fundi," alisema. "Nikiona uzi umetokeza, minaukata. Nilizania ni uzi. Nilijaribu kuurudisha ule mguu na mashine, ikakataa. Mashine inapiga vilevile kila mara. Mguu wako unachelewa kidogo, halafu unafika. Bon, nimeacha nafasi yake wazi. Kama haupigi, wimbo utabaki na tundu. Sitalijaza na kitu."

"Joël, baba yangu amekaa pale mbele."

"Nimemuona. Anaogopesha kabisa."

Apondi akacheka kabla hajajizuia. Nyatiti ilikuwa imeshafika. Eugene alikuwa na ufunguo wa nyumba ya Apondi na aliileta bila kuomba ruhusa ya mtu.

Apondi akavua viatu, akavaa pete, akakaa kwenye kiti kifupi mbele ya watu wote. Hakuthubutu kumtazama baba yake. Ngoma za Joël zikaanza, mguu ukaingia katika nafasi yake, na ukumbi ukainuka: Wakenya, Wakongo, wapishi na masahani yao. Ndipo Mzee Owuor akanyanyua fimbo juu.

Joël akazima kila kitu kwa hofu. Wajaluo waliokuwamo walijua kwamba penye nyatiti, anayetaka kujisifu huusimamisha muziki, akajitaja yeye na watu wake, kisha muziki ukaendelea. Apondi naye alijua. Alijua pia kwamba baba yake anaweza kuusimamisha usiendelee tena.

"Mimi ni Owuor, mwalimu wa nusu ya Siaya," mzee alisema. "Nilisema kiti hicho si cha mwanamke. Sasa amekikalia binti yangu, na nimesikia. Nani mwingine humu ana binti kama huyu? Asimame tumwone."

Hakusimama mtu.

"Basi endelea, mama."

Apondi aliendelea machozi yakimtiririka, amejaa fahari. Joël akawasha ngoma tena, akainama kumuuliza kumetokea nini, naye akamweleza bila kuacha kupiga. Joël akafikiri kidogo, kisha akanyanyua mkono wake mwenyewe na kuzima ngoma.

"Mi ni Joël wa Lubumbashi. Suti ya bwana harusi ni mi niliishona, muangalie mabega." Watu wakayaangalia mabega, na kweli yalikuwa yamekaa. "Nilikata mguu wa huyu mwanamke, nilikosea. Minataka kumuoa, kama anakubali."

Macho yote yakamgeukia Mzee Owuor. Mzee akasema yeye ameshajisifu, aulizwe mwenye nyatiti.

Apondi aliziacha nyuzi, maana zamu ya kujisifu sasa ilikuwa yake. Kisha akanyoosha mgongo.

"Mimi ni Apondi, binti Owuor," alisema. "Napiga nyatiti, na huyu fundi ni wangu."

Akagonga mguu, na Joël akamfuata.