Rara, Mpenzi

"Sikia hapo! 'Rara, mpenzi, rara.' Hawezi kutamka *l*. Sikia utamu huo!"

Bakiri alikuwa ameinamia santuri yake ya Kijapani ya miaka ya sabini. Kwenye jalada, mwimbaji wa Tokyo alivaa ngozi ya chui, nyuma yake mitende na simba. Upande mmoja aliimba Afrika, wa pili ngamia wa jangwani. Kote huko hakuwahi kufika.

Gaudence aliweka kitana chini. Jumapili saluni yake ya mtaa wa Marshalltown hufungwa, naye huja kusukia wateja wawili watatu hapa mtaa wa Bertrams, kwa Bakiri.

"Jana mbele ya rafiki zako nilisema 'rakini'. Ulifanya nini?"

"Nilikurekebisha tu."

"Ulicheka mpaka ukapaliwa na soda."

"Eish, Gaudence! Huyu ni mgeni wa lugha."

"Na mimi mwenyeji? Mimi Mrundi wa kule Ngozi. Yeye akikosea ni utamu, mimi nikikosea ni aibu. Na hii je?"

Akamwonyesha ujumbe ambao Bakiri alimtumia asubuhi: *Mama akipiga, sema shikamoo tu. Mengine niachie.*

Simu ya Bakiri ikaita. Mama yake, kutoka Tanga, alitaka kumsikia mchumba wa mwanawe kabla ya kutuma posa.

"Weka spika," Gaudence alisema. "Nikinyamaza leo, nitanyamaza ndoa nzima. Hiyo siitaki."

Bakiri akasita. Kisha akabonyeza.

"Shikamoo, mama. Ni Gaudence. Nafurahi kukusikia, rakini samahani, nimecherewa kukutafuta."

Bakiri alifumba macho.

"Marahaba, mwanangu! Kumbe unaongea? Huyu kila siku 'ana haya, ana haya', nikajua ananiletea bubu! Amekwambia mpaka darasa la tatu sukari aliiita 'thukali'?"

"Hajaniambia, mama."

"Mama, jamani!"

"Nyamaza, naongea na mkwe wangu."

Bakiri aliinua sindano, santuri ikanyamaza. Akapiga goti kando ya kiti cha kusukia.

"Nisamehe, mpenzi."

"Omba kwa Kirundi. Sema *mbabarira*."

"Mba... mbabalila."

Gaudence alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akaisogeza simu karibu na mdomo wa Bakiri.

"Rudia, mama asikie. Hawezi kutamka *r*. Sikia utamu huo!"