Namba Iliyotumwa kwa Mama

Lifti ilifunga milango yake, Sindano akiwa ndani.

Shangazi alibonyeza kitufe, akabonyeza tena, kisha akageukia ngazi. Hata hajafika kidato cha pili, goti la kulia lilikuwa limeshamkumbusha umri wake.

"Pacha, amepanda," alisema kwenye kinasa sauti kilichofichwa chini ya ukosi wa gauni. "Koti la bluu. Sanduku la vifaa mkononi."

"Anaelekea ghorofa gani?" sauti ikamuuliza sikioni.

"Ningejua, ningehema hivi?"

Alipofika ghorofa ya tatu aliikuta lifti wazi, tupu. Korido ya hospitali ilikuwa imefurika watu: wenye bandeji, wenye watoto mgongoni, wenye vyeti vya maabara wakijipepea navyo kwa joto. Makoti ya bluu yalikuwa matatu. Hakuna hata moja lililokuwa la Sindano.

Alikuwa ameponyoka.

Shangazi aliegemea ukuta, akameza kidonge cha maumivu bila maji.

Kitengoni, kule idara ya usalama, walimwita Shangazi kwa sababu ndiye mkubwa wa wote waliobaki mtaani. Wa rika lake walikuwa wamekwishapewa meza. Pacha, aliyeajiriwa naye siku moja, sasa alikuwa na kiti cha kuzunguka na vioo vya kompyuta ukuta mzima. Yeye alikuwa na bastola ya Glock kiunoni, raba miguuni na uchovu ambao usingizi ulikuwa umeshindwa kuutoa.

Sindano nalo lilikuwa jina la kitengoni, walilompa kwa wembamba wake. Alijifanya fundi wa makabati ya kuchajia simu. Makabati hayo yaliletwa hospitalini kama msaada, yakapokewa kwa makofi na picha. Mtu anachomeka simu, anakwenda kumwona daktari, akirudi anakuta imejaa. Bure.

Kumbe simu ikijaa chaji, kabati nalo linajaa. Picha, namba, meseji, maneno ya siri. Wauguzi walichomeka simu zao humo, madaktari wakachomeka, na mhasibu naye. Ndani ya wiki chache Sindano alikuwa na funguo zote za kompyuta za hospitali.

Lakini shabaha yake haikuwa wagonjwa wa kawaida. Hospitali hiyo ndiyo iliyowatibu maafisa wa usalama na familia zao. Mafaili yao yalikuwa na kufuli la pili: mtu akitaka kulifungua, namba inatumwa kwenye simu ya ndugu wa karibu wa mgonjwa. Bila namba hiyo, faili halifunguki.

Basi tangu asubuhi Sindano alikuwa akiwapigia ndugu. Anajitambulisha kama mtu wa hospitali. Anaongea kwa upole. Anaomba namba.

Wake wawili na baba mmoja mstaafu walikuwa wameshampa.

Redio ikakwaruza. Safari hii alikuwa Mkuu mwenyewe.

"Shangazi, umempata?"

"Bado."

"Basi ninakata. Naagiza intaneti ya jengo zima izimwe. Kila anachokiiba kinapita humo kwenda kwa mnunuzi wake."

"Subiri kidogo, Mkuu."

"Nisubiri nini? Majina ya watu wetu yaondoke? Na lako limo."

Shangazi alifumba macho. Alijua limo. Goti hili hili lilifunguliwa faili hapa hapa: jina lake la kweli, nyumba yake, picha yake, na jina la mama yake.

Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguliwa, akatoka muuguzi mkuu, mwanamke mnene mwenye barakoa iliyoning'inia sikio moja. Shangazi alimwonyesha kitambulisho, akamvuta pembeni.

"Dada, intaneti ikizimwa sasa hivi itakuwaje?"

Muuguzi alimtazama kama mtu aliyeulizwa hewa ikizimwa itakuwaje.

"Humo ndani kuna mama amefanyiwa upasuaji wa uzazi na damu haikati," alisema. "Daktari wetu ni mgeni wa kazi hiyo. Anaongozwa na bingwa aliye mji mwingine, wanaonana kwenye kioo. Ukizima intaneti, umemzima yule mama."

"Na mtoto?"

"Mtoto katoka. Analia vizuri. Anamngoja mama yake."

Muuguzi akachukua mfuko wa damu kutoka kwa mhudumu aliyekuja mbio, akarudi ndani.

"Umesikia, Mkuu?"

Mkuu akakohoa.

"Nakupa muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai. Baada ya hapo nakata, na lawama tutagawana."

"Chai ya moto, basi," alisema Shangazi.

Simu yake ikatetemeka mfukoni. Mama. Kwa kawaida angeiacha. Mama hupiga kueleza ndoto, bei ya sukari, na nani kafunga ndoa na nani. Lakini leo Shangazi aliipokea papo hapo.

"Halo, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Uko kazini?"

"Niko kazini."

Mama aliamini bintiye anakagua mizani madukani. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza kwa nini mizani inakaguliwa hadi sikukuu.

"Sikia. Kanipigia kijana mmoja wa hospitali, ana adabu huyo! Anasema faili lako la goti lina matatizo, anataka namba iliyoingia kwenye simu yangu."

"Mama, usimpe."

"Nimeshaanza."

"Umeanza vipi?"

"Nimemsomea tatu za mwanzo, miwani ikaanguka chini ya kitanda. Nikamwambia apige baadaye. Kwani kuna nini? Mizani na hospitali wapi na wapi?"

Shangazi alijibana ukutani kupisha kitanda cha magurudumu.

"Mama, wakati anaongea, ulisikia nini nyuma yake? Magari? Muziki?"

"Nilisikia kengele, halafu mwanamke anaita watu waende dirisha la dawa. Na kitu kinalia kwi, kwi, kwi, kama baiskeli isiyo na mafuta."

Kengele ile ile ililia juu ya kichwa cha Shangazi, na mwanamke wa kwenye kipaza sauti akamwita mtu dirisha la dawa.

Sindano hakuwa ametoka. Alikuwa akipiga simu humu humu ndani.

"Mama, nisikilize. Yule ni mwizi. Akipiga tena, usimkatie. Mshike. Mzungushe kadiri uwezavyo, ila namba kamili usimpe hata kidogo."

"Mwizi!" Ghafla sauti ya mama ilikuwa imepungua miaka ishirini. "Haya, anapiga huyo. Niachie mimi."

Simu ikakatika.

"Pacha, unaweza kufuata simu anayompigia mama?"

"Anapiga kupitia intaneti, namba ya bandia. Kwangu inaonekana inatoka kisiwani kusiko na watu. Pole, Shangazi. Sikujua ni mama."

"Kitu kinacholia kama baiskeli. Ghorofa ya tatu. Ni nini?"

Vidole vya Pacha vilisikika vikigonga. "Chumba cha mazoezi ya viungo kiko huko mwisho, kushoto. Kina baiskeli za wagonjwa."

Shangazi alikijua. Aliwahi kuendesha baiskeli hizo hadi akalia. Aliondoka, si kwa mbio, maana mtu anayekimbia hospitalini hutazamwa na kila mtu, bali kwa mwendo wa mtu anayetafuta choo.

Chumba kilikuwa kirefu, kimegawanywa kwa mapazia ya kijani. Mzee mmoja alikuwa akipiga pedali taratibu, macho yamefumba. Kwi, kwi, kwi. Pazia la kwanza: kitanda kitupu. La pili: kijana amelala kifudifudi, mgongo wazi.

Nyuma ya pazia la mwisho, mama yake alikuwa akiongea.

"...huu mguu wa kushoto ndio unaokufa ganzi, baba, wa kulia mzima kabisa. Sasa daktari kanipa vidonge vyeupe. Vyekundu nilivikataa, vinanitapisha..."

Spika ya simu ilikuwa imefunguliwa.

"Sawa, bibi, sawa," sauti ya kiume ilisema kwa meno yaliyobanwa. "Nisomee namba tu."

"Namba, ndiyo. Ngoja. Nne. Halafu hii ni sita au tisa? Miwani yenyewe ina ufa."

"Bibi, ile imeshapitwa na muda. Nimekutumia nyingine."

"Ehe, imeingia. Sasa zipo mbili. Nifuate ya juu au ya chini?"

Shangazi alichomoa Glock, akamtazama mzee wa baiskeli na kijana wa kitandani, akairudisha. Chumba kina wagonjwa. Badala yake alichukua gongo la kutembelea lililoegemezwa ukutani.

Akavuta pazia.

Sindano alikuwa amekaa kwenye stuli, kompyuta mapajani, kabati la chaji limefunguliwa tumbo mbele yake. Hakupoteza muda kushangaa. Kisu cha kukatia nyaya kilimjia mkononi kama chenyewe.

Alirusha mkono. Ncha ikachana mkono wa gauni. Shangazi alimgonga kifundo cha mkono kwa gongo, kisu kikaruka, naye akamwingia kwa bega. Wakaanguka wote wawili. Goti likafika sakafuni kwanza, na dunia ikawa nyeupe.

"Halo?" mama alisema kwenye spika. "Mbona kama mnahamisha makabati?"

Shangazi alitaka kupiga yowe. Hakuthubutu. Mama angeitambua sauti yake hata kwenye mvua ya mawe. Aliung'ata mdomo, akamkalia Sindano mgongoni, akamfunga pingu mkono mmoja, wa pili ukamsumbua, akaupata.

"Kijana, bado upo? Nilikuwa nakwambia habari za vidonge..."

Shangazi alinyoosha kidole akakata simu.

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mstari wa kijani unaotambaa. Ulikuwa umebakiza kipande cha kucha kufika mwisho.

"Pacha, mafaili yanaondoka. Nachomoa kabati zima."

"Hapana! Usiguse! Wamepitisha intaneti ya hospitali yote ndani ya hilo kabati. Ukilizima, chumba cha upasuaji kinazimika. Unaona nyaya?"

"Mbili za bluu. Moja ya njano."

"Bluu ni za hospitali, moja inaingia, moja inatoka. Njano ndiyo ya mwizi."

"Una uhakika?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti ya Pacha ilikuwa ya mtu aliyechoka kama Shangazi. "Nina uhakika wa kutosha."

Ndani ya sikio lile lile Mkuu akaingia: "Chai imekwisha. Nakata."

Shangazi alichomoa wa njano.

Mstari wa kijani ukasimama. Ukageuka mwekundu.

"Imekatika," Pacha alisema. "Haikumaliza, na kipande walichokipata hakifunguki bila kilichobaki. Mkuu, usikate! Hospitali iko hewani."

Chini ya kioo kikajitokeza kisanduku kidogo cha maandishi. Mnunuzi alikuwa akiuliza: *Kuna nini? Bado faili moja.*

Shangazi aliandika kwa kidole kimoja: *Mtandao unasuasua. Niko karibu. Usiondoke ulipo.*

Jibu likaja: *Nipo chini, maegesho.*

"Pacha. Maegesho. Ana gari na ana kompyuta, anasubiri."

"Land Cruiser la kijivu, namba za kigeni," Pacha alisema baada ya kitambo. "Vijana wanaenda."

Hapakusikika mlio wa risasi. Kilichosikika ni mlango wa gari tu, na mtu akibisha kwa lugha ambayo hakuna aliyejisumbua kuitafsiri.

Mzee wa baiskeli alifumbua macho, akamwona mwanamke mtu mzima amekalia mwanamume mwembamba mwenye pingu.

"Hayo ni mazoezi gani?" aliuliza.

"Ya mgongo," Shangazi alimjibu.

Vijana walipomchukua Sindano, Shangazi alibaki koridoni. Makabati yalikuwa yakitolewa moja baada ya jingine, na watu wakilalamika: simu zao zina asilimia ngapi, watawapigiaje wa nyumbani. Muuguzi mkuu alitoka chumba cha upasuaji, akavua kofia, akateremka ukutani mpaka akakaa chini.

"Damu imekata," alisema. Hakuongeza neno.

Redioni Mkuu alikuwa na mengi ya kuongeza. Familia tatu zitahamishwa leo hii, kabla watoto hawajatoka shule. Kila neno la siri hospitalini libadilishwe. Ripoti anaitaka mezani, na humo Shangazi aeleze kwa nini alibishana na amri.

"Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mkuu."

Alishuka ngazi kidato kwa kidato, ameshika ukuta. Nje jua lilikuwa kali, na wauzaji wa maji walikuwa wakiitana. Simu ikatetemeka.

"Amekata," mama alisema. "Hakurudi tena. Nilimtaja mpaka marehemu bibi yako."

"Umefanya vizuri, mama. Sana. Zile meseji zifute, na mtu yeyote akikuomba namba, hata akijiita mimi, kata."

"Nimesikia." Mama akavuta pumzi. "Ila mwizi yule, mwanangu, alikuwa msikivu. Nimeongea naye kuliko nilivyoongea na wewe mwaka huu."

Shangazi alisimama katikati ya njia. Watu wakampita huku na huku. Kwenye sikio la kulia Mkuu alikuwa ameanza upya, habari za ripoti.

Alichomoa kisikilizio hicho, akakitia mfukoni pamoja na vidonge.

"Huo mguu wa kushoto," alisema, akianza kuchechemea kuelekea barabarani, "umeanza kufa ganzi lini?"