Bomba la Manowari

Nyie mnanijua kwa utani, ila kwa hili sitanii. Lilimpata rafiki yangu Filemoni, mkulima wa huku milimani Same, mwezi uliopita.

Zamu yake ya maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, ilikuwa asubuhi mpaka saa sita. Maharage yalikuwa yamenyauka, na zamu ikikupita unasubiri wiki nzima. Akafungua. Halikutoka hata tone.

Maji ya ndiva ile hupita kwenye bomba la shaba. Babu yake alilinunua Tanga kwenye vyuma chakavu, limetoka kwenye manowari ya Waingereza, moja ya zile nyembamba za kwanza za kuwinda mashua za topido, yale makombora ya majini, enzi za Malkia Viktoria. Lilikuwa bomba la kupitishia sauti: nahodha alisemea juu, mafundi wa injini wakasikia chini.

Filemoni akachungulia: giza tupu. Akatega sikio. Ndani koleo lilikuwa likichota makaa, kwaru, kwaru. Mtu akakohoa.

"Mama Irine, humu kuna watu!"

"Basi waambie walete maji, saa tano hii!" mkewe akafoka kutoka shambani.

Filemoni akacheka, akaweka mdomo kwenye bomba. "Nahodha! Maji!"

Koleo likanyamaza. Kengele ikalia mara moja, mbali sana, bomba likatetemeka, maji yakabubujika mpaka tuta la mwisho la maharage.

Mama Irine akakinga kiganja, akanywa, akatema. "Baba Irine, hebu onja."

Akaonja. Yalikuwa ya vuguvugu, yana masizi, na yana chumvi ya bahari.