Unga wa Profesa na Maziwa ya Abby

Mvua iliharibu mavuno Gilgil. Mahindi ya Kemboi na mkewe Jepkemei yakashika ukungu. Kwetu mahindi mabovu hayatupwi, hupewa ng'ombe. Ng'ombe hajawahi kulalamika, basi tunadhani amekubali.

Asubuhi moja Kemboi alibeba gunia la mahindi hayo hadi zizini huku akipiga mluzi.

"Weka chini!" Jepkemei akasema. "Abby anakunywa maziwa ya huyu ng'ombe."

Abby ni binti yao wa miaka miwili.

"Mama Abby, soma kwanza." Kemboi akatoa simu. "Imetumwa na profesa mmoja kwa grupu ya wakulima. Ni utafiti! Ukichanganya mahindi na unga wake, sumu ya ukungu inaisha yote. Ona hata michoro."

"Hata kalenda ya duka iko na picha. Huo unga unauzwa na nani?"

Kemboi akakohoa. "Na profesa."

"Ehe!"

Wakampelekea simu jirani yao Joan, anayefanya kazi katika maktaba ya chuo mjini Nakuru. Jepkemei alimkazia macho.

"Na wewe, hakuna mtu amekutuma?"

"Hakuna," Joan akacheka. "Endelea kuuliza hivyo hivyo. Makala inaweza kuvaa suti na bado inadanganya."

Akatafuta habari za jarida lililochapisha ile makala. "Hili linachapisha kazi ya yeyote anayelipa. Jarida zuri hupatia wataalamu wengine makala waikague kwanza. Baba Abby, walijaribu na ng'ombe wangapi?"

"Wawili."

"Wawili tu! Walipima sumu kwenye maziwa?"

Kemboi alisoma, akarudia. "Walipima... uzito wa ng'ombe."

"Na Abby anakunywa uzito?" Jepkemei akauliza.

"Lakini iko kwa mtandao!" Kemboi akajitetea.

"Hata mimi niko kwa mtandao," Joan akasema, "na kwa hiyo picha nimevaa wigi ya dada yangu."

Kisha akawaonyesha tafiti nyingine, za watu tofauti wasiouza chochote. Zote zilikubaliana: sumu ya ukungu hupita kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi.

"Lakini msiniamini mimi peke yangu. Pigieni afisa wa mifugo."

Jepkemei alikuwa ameshapiga. Afisa akajibu bila kusita: "Msimpe hayo mahindi. Yafukieni."

Kemboi alichimba shimo akinuna. Gunia zima likaingia. Ng'ombe akapewa nyasi safi.

Jioni Kemboi aliandika kwenye grupu: "Profesa, ulipima sumu kwenye maziwa? Nani alikagua utafiti wako?"

Papo hapo akatolewa kwenye grupu.

"Wamenifukuza!" akamwambia mkewe.

Simu ikalia. Alikuwa Kahiga, mfugaji wa Lanet kutoka ile grupu, akitaka kujua zaidi. Mara ikalia tena. Ni Chelangat, naye wa grupu hiyo hiyo.

"Kemboi," Chelangat akanong'ona, "hayo maswali uliuliza, nitumie. Gunia langu la unga wa profesa bado sijalifungua."